UZI: Muziki wa miaka ya 80 na nguvu ya vitu vilivyoachwa nje

#1 · Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeukalia muda mrefu, leo naushusha. Ni wa wale tunaoupenda muziki wa miaka ya 80 kwa dhati, na pia wa wale wanaousikia tu ukipita wakajiuliza kwa nini haupiti moja kwa moja.

Nianze na wimbo mmoja: "When Doves Cry" wa Prince, 1984. Nimeusikia tangu nikiwa mdogo, kwenye redio yenye spika moja iliyopasuka, na siku zote nilijua una jambo nisiloweza kulitaja. Miaka mingi baadaye nikausikiliza kwa hedifoni nzuri, usiku, taa zimezimwa. Gitaa linaanza kwa fujo, linakatika. Mashine ya ngoma inaingia, kavu, inagonga kama mtu anayebisha hodi akijua kabisa kuwa uko ndani. Kinanda. Sauti ya Prince, halafu Prince mwingine nyuma yake, na mwingine. Nikasubiri besi iingie. Ubeti wa kwanza ukaisha, kiitikio kikaja, bado nasubiri. Wimbo ukaisha. Besi haikuingia.

Hakuna besi mle! Prince alipiga vyombo vyote peke yake, besi nayo aliipiga, kisha akaiondoa. Na huyu ni mtu wa funk, muziki ambao besi ndiyo uti wake wa mgongo. Wimbo huo huo ukakaa namba moja Marekani wiki 5 na kuwa singo iliyouza kuliko zote nchini humo mwaka ule.

Tangu usiku ule nausikiliza muziki wa miaka hiyo kwa sikio jingine. Wengi wanaukumbuka kwa wingi wake: nywele kubwa, taa, sinthesaiza zinazometameta, ngoma za kishindo. Mimi naona nyimbo zilizodumu ni zile ambazo kuna kitu kiliachwa nje. Mara nyingine kiliachwa kwa makusudi, mara nyingine mashine yenyewe haikuwa nacho. Pengo lile ndilo lililotufikia.

Chukua hata hizo ngoma za kishindo. Studio ya Townhouse, London, Peter Gabriel anarekodi albamu yake ya tatu, iliyotoka 1980. Ametoa sharti: matoazi yasipigwe kabisa, ngoma tupu. Anayezipiga ni Phil Collins, mwenzake wa zamani katika bendi ya Genesis. Mtayarishaji ni Steve Lillywhite, fundi mitambo ni Hugh Padgham. Meza yao ya kuchanganyia sauti ilikuwa na maiki ya kuzungumzia, ile inayoning'inizwa chumbani ili mwanamuziki aongee na fundi aliye upande wa pili wa kioo. Maiki hiyo ilifungiwa kompresa kali, kazi yake kumsogeza anayeongea kutoka mbali na kumpunguza aliye karibu asipasue masikio ya watu. Collins akapiga ngoma maiki ile ikiwa imewashwa. Chumba kizima kikavimba. Padgham akakipenda alichosikia, akaongeza kifaa kinachoifunga sauti ghafla pindi inaposhuka chini ya kiwango fulani. Ngoma ikawa inalipuka kana kwamba imepigwa ndani ya ukumbi mkubwa, halafu kabla mwangwi haujatawanyika, kimya. Mlango umefungwa.

Ukubwa wa ngoma ile unatokana na mwangwi kukatwa. Na kama matoazi yangekuwepo, yangeendelea kulia juu ya kila kitu na mlango usingefungika vizuri. Collins akaibeba sauti hiyo hadi kwenye wimbo wake mwenyewe, "In the Air Tonight", 1981. Kwa zaidi ya dakika 3 na nusu anaimba juu ya kimashine cha ngoma kinachonong'ona tu. Kisha ngoma halisi zinaporomoka. Nimeona watu wasiojua hata neno moja la wimbo ule wakinyanyua mikono na kuzipiga hewani, na wote wanapiga sawasawa, hakuna anayewahi wala anayechelewa.

Nina ya mashine ya ngoma ya 808 bado, nitarudi nayo. Karibuni.

#2 · Mchangiaji

Mleta uzi, heshima kwako. Niongezee "Billie Jean" ya Michael Jackson, kutoka *Thriller*, albamu iliyotoka Novemba 1982.

Watu wanadhani ile ngoma ya mwanzo ni mashine. Aliyeketi pale ni binadamu, Leon Chancler, na jina alilojulikana nalo duniani ni Ndugu. Ndugu Chancler! Mmarekani mwenye jina letu ndiye aliyepiga mdundo ambao mtu yeyote anautambua kabla hata wimbo haujaanza kuimbwa. Alifariki 2018, na sidhani kama watu wetu tulimpa haki yake.

Sikilizeni anachofanya: karibu hafanyi kitu. Hakuna madoido wala kuzungusha mikono. Mguu, mkono, mguu, mkono, dakika karibu 5. Ndipo besi ya Louis Johnson inapata pa kutembea. Mtayarishaji Quincy Jones aliuona utangulizi ule mrefu mno, akataka upunguzwe. Michael akagoma, kwa maelezo kwamba hapo ndipo panapomfanya atamani kucheza. Fundi Bruce Swedien naye aliuchanganya wimbo mara 91, kisha wote wakakubaliana kurudi kwenye mchanganyiko namba 2. Mara 89 za kuongeza na kurekebisha zikawekwa kando.

#3 · Mchangiaji

Naweka kambi hapa. Endeleeni wakuu.

#4 · Mleta uzi

Mkuu wa #2, hiyo ya Ndugu Chancler umenifurahisha sana, asante.

Sasa 808. Kampuni ya Roland ya Japani, chini ya mwanzilishi wake Ikutaro Kakehashi, ilitoa mashine ya ngoma ya TR-808 mwaka 1980. Mwaka huo huo Marekani, Roger Linn alitoa yake, LM-1, ya kwanza kubeba sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa kidijitali. Ndiyo aliyoitumia Prince kwenye ule wimbo usio na besi. Ya Linn ilikuwa ghali, mashine ya watu wenye studio kubwa, na hata hivyo matoazi ya kishindo haikuwa nayo, maana sauti ndefu kama ile ingekula kumbukumbu yote.

808 haikurekodi kitu. Ilitengeneza sauti zake yenyewe kwa umeme, na hazikufanana na ngoma yoyote ya dunia hii. Makofi yake kama karatasi inayochanwa. Kengele yake ya ng'ombe ni ng'ombe wa sayari nyingine. Waliotaka ngoma zinazofanana na ngoma waliiona kichekesho. Ilipofika 1983 Roland wakaacha kuitengeneza, zikiwa zimetoka takriban 12,000 tu. Sababu moja ni ya kushangaza: ule mchakacho wake ulitoka kwenye transista zenye kasoro, ambazo Kakehashi alizinunua kwa makusudi. Viwanda vilipoboresha kazi yao, transista mbovu zikaadimika, na mashine ikakosa cha kuweka mahali pake.

Kwa hiyo 808 zikaishia kwenye maduka ya mitumba, na vijana wasio na uwezo wa kununua kitu kingine ndio waliozichukua. Lakini hata kabla ya hapo kuna walioishaelewa. Marvin Gaye mwaka 1982 alikuwa Ostend, Ubelgiji, mbali na kwao, na nchini humo akarekodi "Sexual Healing" juu ya 808. Sikiliza jinsi mashine inavyopumua chini ya sauti yake. Mwimbaji mwenye sauti ya moto na mashine baridi, na katikati yao nafasi kubwa ambayo hakuna aliyeharakisha kuijaza. Mwaka ule ule New York, Afrika Bambaataa na Soulsonic Force pamoja na mtayarishaji Arthur Baker wakatoa "Planet Rock". Wakachukua melodi ya Kraftwerk, Wajerumani, wakaiweka juu ya 808, na hip hop ikapata mlango mwingine.

Kitu kimoja cha kusikiliza kwa karibu. Igonge ngoma kubwa ya 808. Kwanza kuna "tu" fupi. Chini yake kuna mvumo unaoendelea, na una kitufe cha kuurefusha. Vijana wakaurefusha hadi ukawa noti. Ngoma ikageuka kuwa besi. Leo mtayarishaji wa trap, aina ya hip hop, akisema "weka 808", hazungumzii ngoma tena, anazungumzia besi nzima ya wimbo. Kanye West mwaka 2008 aliita albamu yake kwa jina la mashine hiyo, miaka 25 baada ya kiwanda kuiacha.

Prince aliondoa besi, na ngoma iliyotupwa ikawa besi. Hilo huwa linanisimamisha kila nikilifikiria.

#5 · Mchangiaji

Mkuu usiisahau 303, pacha wake wa mkosi. TB-303 ya Roland ilitengenezwa ili mpiga gitaa aliye peke yake apate besi ya kufanyia mazoezi. Haikufanana na besi hata kidogo, ikaachwa mwaka 1984. Vijana wa Chicago waliojiita Phuture wakaipata ya mtumba, wakaanza kuzungusha vitufe vyake wakati inalia, jambo ambalo hakuna aliyelikusudia. Ikaanza kulia kama kiumbe. Ndiyo "Acid Tracks" ya 1987. DJ Ron Hardy aliipiga klabuni na watu wakaitazama tu, akairudia usiku ule ule mara kadhaa mpaka ukumbi ukapagawa. Acid house yote, muziki ule wa dansi wa klabuni, imetoka pale.

#6 · Mchangiaji

Nitatofautiana nawe mleta mada, na nitasema kwa heshima.

Mnazisifia mashine, lakini mimi naikumbuka miaka ile kama wakati wapiga vyombo walipoanza kukosa kazi. Bendi ya watu 9 ikawa mtu mmoja na kinanda. Halafu hiyo Yamaha DX7! Ilitoka 1983, na ghafla kila wimbo wa mapenzi ukawa na piano ile ile ya kengelekengele. Sio piano inayofanana, ni ile ile, sauti ya kiwandani namba fulani, kwa sababu kuiprogramu DX7 kulikuwa kugumu na watu hawakujisumbua. Niwekee nyimbo 10 za taratibu za mwaka 1986, nitakuonyesha piano hiyo katika nusu yake kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Miaka ya 70 ilikuwa na watu chumbani wakitazamana machoni. Nyinyi mnaita pengo, mimi naita ukiwa.

#7 · Mleta uzi

Mkuu wa #6, umesema ukweli na sitaupinda. Wapo wapiga ngoma na wapiga tarumbeta waliosubiri simu isiyolia tena, na hakuna wimbo mzuri unaolipa hilo. Na piano ya DX7 iliimbiwa hadi ikachosha.

Ila DX7 ina mengi kuliko piano ile. Hesabu yake iligunduliwa na John Chowning, chuo kikuu cha Stanford, mwaka 1967. Alikuwa akijaribu kuitetemesha sauti, kama mwimbaji anavyotetemesha noti ndefu. Akaongeza kasi ya mtetemo, akaongeza tena, mpaka sikio likaacha kusikia mtetemo na kuanza kusikia sauti mpya kabisa, yenye rangi ya kengele. Yamaha wakapata leseni ya kuutumia uvumbuzi huo, na DX7 zikauzwa zaidi ya 100,000. Na sauti haikufa: ile besi ya kugongagonga ya amapiano, wanayoiita log drum, ilizaliwa kwenye programu ya kompyuta inayotumia hesabu hizo hizo. Yaani kijana anayecheza amapiano leo anachezeshwa na mtetemo wa 1967 uliopitia miaka ya 80.

Na lipo la pili, ambalo halisikiki kabisa: MIDI. Kabla yake kinanda cha kampuni moja hakikuelewana na cha kampuni nyingine. Dave Smith wa Sequential Circuits na yule yule Kakehashi wa Roland walishawishi kampuni zinazoshindana zikubali lugha moja, bure, bila mtu kuimiliki. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki Marekani, wakaunganisha kinanda cha Smith na cha Roland kwa waya mmoja. Bonyeza hiki, kile kinalia. Lugha ile bado inatumika kwenye kila studio, kubwa na ya chumbani. Mwaka 2013 wote wawili walitunukiwa Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo. Kijana mwenye kompyuta ya kuazima anayetengeneza mdundo saa 8 za usiku anafanya kazi juu ya makubaliano yale, hata kama hajawahi kuyasikia.

Kuhusu ukiwa: nakubali neno lako. Ukiwa upo mle ndani. Mimi naupenda.

#8 · Mchangiaji

Mkuu wa #6 akimaliza na DX7 nimpe kinanda kidogo zaidi, cha Casio.

Casio MT-40, mwaka 1981, kinanda cha kujifunzia nyumbani. Kilikuwa na midundo ya tayari: unabonyeza, kinajipigia besi na ngoma chenyewe. Aliyeitunga midundo hiyo ni binti aliyekuwa ndio kwanza ameajiriwa, Okuda Hiroko. Alikuwa ametoka chuo cha muziki, na tasnifu yake chuoni aliiandika kuhusu reggae. Mmoja wa midundo hiyo aliuita "rock", ukauzwa na vinanda dunia nzima, hakuna aliyeutilia maanani.

Jamaika, 1985. Mwimbaji Wayne Smith na mwenzake Noel Davey wanacheza na kinanda hicho, wanakutana na mdundo ule. Wanaupeleka kwa mtayarishaji King Jammy, naye anaupunguza kasi. Ukawa "Under Mi Sleng Teng". Hakuna mpiga besi, hakuna mpiga ngoma, katika nchi ambayo besi na ngoma ndiyo dini ya muziki. Ulipopigwa kwenye shindano la mitambo ya sauti mwezi Februari, kila mtayarishaji alijua kesho yake aamke na kazi mpya. Mamia ya nyimbo zimeimbwa juu ya mdundo huo huo tangu hapo. Dancehall ya kidijitali inaanzia pale.

Binti mmoja Mjapani aliyeipenda reggae akaiweka reggae ndani ya kinanda bila kuiita reggae, na Wajamaika wakaitambua. Wakuu, hiyo nikiisimulia huwa natokwa machozi, sisemi uongo.

#9 · Mchangiaji

Hakuna aliyegusa Kiswahili chetu humo? Basi niguse mimi.

Wimbo "Liberian Girl" wa Michael Jackson, kutoka *Bad*, 1987. Unafunguliwa na sauti ya mwanamke akinong'ona Kiswahili kabisa: nakupenda pia, nakutaka pia. Ni Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini. Wajuzi watasema msichana wa Liberia hasemi Kiswahili, na wana haki. Lakini mimi nikisikia maneno yale, katika albamu iliyofika kila pembe ya dunia, nasimama wima. Kundi la Boney M. nalo mwaka 1983 lilitoa toleo lake la "Jambo" na "hakuna matata".

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha usiku wa tarehe 28 Januari 1985, studio za A&M, Los Angeles. Waimbaji zaidi ya 40 wamekusanyika kurekodi "We Are the World" kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Saa zimeenda, watu wamechoka, na Stevie Wonder anapendekeza mstari mmoja uimbwe kwa Kiswahili. Mjadala ukaanza. Waylon Jennings, mwimbaji wa country, akaondoka kabisa, Kiswahili hakukitaka. Wengine wakakumbusha kwamba Waethiopia wanaotakiwa kusaidiwa hawazungumzi Kiswahili. Mstari ukaachwa.

Mleta mada unazungumzia vilivyoachwa nje. Basi katika wimbo ule uliosikika dunia nzima, Kiswahili chetu ni mojawapo.

#10 · Mleta uzi

Mkuu wa #9, nimesoma mara mbili. Sitasikiliza wimbo ule tena bila kukisikia kile ambacho hakipo.

#11 · Mchangiaji

Fupi tu kwa wana hip hop. Mashine ya SP-1200 ya kampuni ya E-mu, 1987. Kumbukumbu yake yote ni sekunde 10. Kumi! Watayarishaji wa New York walitaka kuingiza vipande vya santuri za zamani na sekunde hazitoshi. Wakaiendesha santuri kwa kasi ya juu wakati wa kurekodi ili kipande kiwe kifupi, kisha wakakipunguza kasi ndani ya mashine. Sauti ikarudi nzito, yenye vumbi, kama inatoka chini ya ardhi. Uchafu ule ulitokana na ufinyu wa nafasi. Leo zinauzwa programu za kuichafua sauti iliyo safi ili ifanane nayo.

#12 · Mchangiaji

Mmekaa sana Marekani na London. Twendeni Paris. Kassav', kundi la wanamuziki wa Guadeloupe na Martinique, waliingiza sinthesaiza na mashine kwenye midundo ya visiwa vyao na kuzaa zouk. "Zouk-la sé sèl médikaman nou ni", 1984: zouk ndiyo dawa pekee tuliyo nayo. Jina hilo peke yake ni shairi. Kutoka hapo zouk ikafika Cape Verde na Angola, kizomba ikanywa kwenye kisima hicho, na sasa kizomba inafundishwa kwenye kumbi za dansi dunia nzima. Jacob Desvarieux, mmoja wa nguzo zao, alifariki 2021.

Na Mory Kanté wa Guinea! "Yé ké yé ké", 1987. Kora, ala yenye nyuzi 21 ya magrioti, waimbaji na wasimulizi wa jadi wa Afrika Magharibi, ikikimbizana na mashine za studio za Ulaya, na Ulaya nzima ikacheza. Pale mashine haikumfukuza mpiga kora. Ilimsubiri, ikamfuata alikoenda.

#13 · Mchangiaji

Shikamooni wakubwa. Mimi nimezaliwa baada ya mwaka 2000, niruhusuni niseme.

Nilimjua Kate Bush mwaka 2022, wimbo wake "Running Up That Hill" ulipotumika kwenye tamthilia ya televisheni. Nilidhani ni msanii mpya. Nikaenda kutafuta albamu nyingine za karibuni, ndipo nikaona: 1985. Wakati ule ulifika namba 3 Uingereza. Mwaka 2022 ukafika namba 1, miaka 37 baadaye. Aliuandika na kuutayarisha mwenyewe, kwa Fairlight, kompyuta ya muziki iliyotengenezwa Australia.

Kilichonishika ni ile ngoma inayokimbia mfululizo bila kupumzika, na juu yake sauti ambayo haikimbii kabisa. Sikuwepo miaka ile, kwa hiyo kwangu si kumbukumbu ya utoto. Ni wimbo tu uliofika wakati nilipokuwa nauhitaji. Nikisikia "Blinding Lights" ya The Weeknd naipenda, lakini sasa najua inakotoka.

#14 · Mleta uzi

Marahaba, mwanangu. Karibu sana, na usiombe ruhusa tena kwenye uzi huu. Ulichokisema ndicho nilichokuwa nakitafuta, maana sisi wengine hatuwezi kujua kama tunaupenda muziki au tunaupenda umri tuliokuwa nao.

Nimalizie na moja, kisha nikalale.

Tarehe 11 Juni 1988, uwanja wa Wembley, London. Tamasha la miaka 70 ya Nelson Mandela, naye yuko gerezani. Linarushwa moja kwa moja kwenye nchi zaidi ya 60. Stevie Wonder amekuja, na anakaribia kupanda jukwaani. Midundo yake yote imo kwenye diski ya Synclavier, kompyuta kubwa ya muziki ya wakati ule. Diski haionekani. Wanatafuta, haipo. Stevie anageuka na kuondoka huku akilia. Uwanja unasubiri, kamera zinasubiri.

Waandaaji wakamrudisha msichana wa miaka 24 aliyekuwa amekwisha kupiga zamu yake mchana, Tracy Chapman. Albamu yake ya kwanza ilikuwa na miezi michache tu. Akapanda na gitaa moja na maiki. Hakuna bendi nyuma yake, hakuna mashine, na jukwaa ni pana kiasi kwamba anaonekana kama ameachwa hapo kwa bahati mbaya. Akaanza "Fast Car". Noti zile chache za gitaa zinazozunguka, zinarudi, zinazunguka. Itafuteni video mtazame watu: mwanzoni kuna kelele za uwanja, watu wanaongea, kisha kelele zinapungua kidogo kidogo, kama maji yanayokauka. Wiki zilizofuata albamu ikapanda hadi namba moja Uingereza na Marekani.

Katika muongo wa mashine, mashine ilikosekana kwa dakika chache, na wimbo ule ukapita katika upenyo huo.

Mwaka 2023 Luke Combs, mwimbaji wa country, aliurudia karibu bila kubadili maneno, na kupitia toleo hilo Chapman akawa mtunzi wa kwanza mweusi kushinda tuzo ya wimbo wa mwaka ya chama cha muziki wa country Marekani. Februari 2024, kwenye tuzo za Grammy, wakaupiga pamoja. Kamera ikaanza na mkono wake Chapman juu ya gitaa, kabla ya uso. Nywele zimeingia mvi. Akapiga zile noti za mwanzo, na ukumbi uliojaa wanamuziki ukapiga kelele kabla hajaimba neno. Alikuwa anatabasamu, akitazama nyuzi.

#15 · Mchangiaji

Ni mimi wa #6. Nimeenda kuusikiliza ule wa Prince kwa hedifoni, mara 3. Kweli, besi haipo. Nairudia.